Waliojipaka Hina

Ukitaka kwenda kuwatazama ndege kwenye mlango wa Mto Sabaki, anza kwa kutazama mwezi. Ndege wa mahali pale hawana habari na saa za binadamu. Wanafuata maji, na maji yanafuata mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani ya Kenya hujaa pomoni yapata saa kumi alfajiri, kisha yakaanza kupwa, na inapofika saa nne asubuhi yamekwisha kwenda zake na kuacha tope tupu likimetameta. Siku za maji mafu mambo hugeuka, na asubuhi nzima tope huwa limefunikwa au linachungulia nusunusu. Haya sikuyapata kitabuni. Nilifundishwa na wavuvi, ambao wameishi na kalenda hiyo tangu utoto.

Kwa hiyo nilichagua siku ya pili baada ya mwezi mpevu, katikati ya Aprili. Saa kumi na moja na nusu nilikuwa nimeshuka kwenye daraja la barabara ya Malindi kwenda Garsen, giza bado zito, na kijana wa kijijini anayeongoza watu kwenye mlango wa mto alikuwa ananingoja na tochi mkononi.

"Shikamoo, mwalimu. Leo tutapita juu," akaniambia. "Huku chini kuna kiboko na mtoto wake."

Kiboko mwenye mtoto hana mjadala. Tukapita juu, tukiambaa na vichaka vya mswaki, mchanga ukiwa baridi chini ya nyayo, na upande wetu wa kulia mto ukipita kimyakimya bila kuonekana. Kijana alizima tochi. Alisema mwanga huwatia hofu, nasi tulikuwa tunakaribia.

Kabla sijaona chochote nilisikia. Ilikuwa sauti ya umati unaojizuia kupiga kelele, kama mnong'ono wa watu waliokwisha kuketi msikitini wakimngoja khatibu. Filimbi ndogondogo, maelfu yake, zikipanda na kushuka pamoja. Ndege wa aina hii Kiswahili kinawaita vitwitwi, na aliyewapa jina hilo bila shaka alikuwa amesimama gizani kama mimi, akisikiliza: twi, twi, twi-twi. Nilikaa juu ya kilima cha mchanga, nikafunua darubini, nikangoja jua.

Mto huu una tabia ya kubadili jina njiani. Huko juu, karibu na Nairobi, unaitwa Athi. Ukikutana na Mto Tsavo unakuwa Galana. Unapofika kwetu unaitwa Sabaki, na chini ya jina hilo ndipo unapomwaga mzigo wake baharini. Baada ya Tana, hakuna mto mrefu kuliko huu nchini Kenya. Mzigo wenyewe ni udongo: udongo wa mashamba ya Ukambani, udongo mwekundu wa Tsavo, na chochote ambacho mvua imekikwangua katika safari hiyo ndefu. Wakati wa masika bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na mtu anayeogelea mbele ya hoteli hulalamika kwamba maji ni machafu. Anachokiona ni nchi kavu inayosafiri. Udongo huo ndio uliotanua ufuo wa Malindi, na ndio unaotandikwa hapa mlangoni, tabaka juu ya tabaka, ukawa tope laini lenye minyoo, konokono wadogo na vikaa visivyozidi ukucha. Ndege hawa wamekuja kwa ajili ya tope hilo.

Kulipopambazuka, fungu la mchanga lililo kati ya mto na bahari likaanza kuonekana, na juu yake hapakuwa na nafasi ya kuweka mguu. Maji yalikuwa bado juu, tope lote limefunikwa, na kila ndege alikuwa amesogezwa kwenye ukanda huo mwembamba kama abiria wanaongoja kivuko cha Likoni. Buabua walikuwa wamesimama upande wa bahari, vichwa vyeusi vyote vimeelekea upepo. Nyuma yao shakwe. Wari wawili walikaa mbali kidogo, wakubwa, hawana haraka. Na kutoka hapo hadi ukingo wa mto, vitwitwi: wadogo wa gramu 25 hivi, ambao mkono wa mtoto ungewafunika, na wakubwa zaidi yao, na wengine wenye tumbo jeusi kama makaa, wakiwa wamechanganyika bila ugomvi, kila mmoja akisimama kwa mguu mmoja na mdomo ameuficha mgongoni.

Jua lilipowapiga ndipo nikaiona rangi niliyoijia.

Yuko kitwitwi mmoja, wa gramu 55 hivi, mwenye mdomo mrefu mweusi uliopinda kidogo kuelekea chini. Wanasayansi humwita Calidris ferruginea. Ukimwona Novemba hutamtazama mara mbili: ni wa kijivu juu na mweupe chini, rangi ya tope na ya povu. Lakini tangu mwishoni mwa Februari anaanza kubadili manyoya, unyoya mmoja leo, miwili kesho, na ifikapo Aprili kifua, shingo na uso vimekuwa vyekundu vilivyokolea, wekundu wa kutu na wa matofali. Si wote wanaokuwa tayari siku moja. Fungu zima lilikuwa na madoadoa: huyu amekamilika, yule ana mabaka, wa tatu ndiyo kwanza ameanza shingoni.

"Wamejipaka hina," alisema kijana.

Sijapata maelezo bora kuliko hayo, wala sikuyatafuta. Hina ya bibi harusi haipakwi siku ya harusi. Inapakwa kabla, nyumbani kwao, ili atoke akiwa tayari. Ndege hawa harusi yao itakuwa Juni, kwenye rasi ya Taimyr kaskazini mwa Siberia, zaidi ya kilomita 9,000 kutoka pale tulipokaa. Huko, Aprili, kila kitu bado kimefunikwa na theluji. Majira ya machipuko ambayo Wazungu na Warusi wanayaimba hayajafika kwao, lakini hapa Sabaki, digrii tatu kusini mwa Ikweta, mahali ambapo hakuna mti unaongoja majira ya joto ndipo uchipue, machipuko yalikuwa yamekwisha kuanza. Yalikuwa yanaota kwenye vifua vya ndege. Nimesoma vitabu vingi vya wapenda ndege wa Ulaya wanaoeleza furaha yao wanapomwona kitwitwi mwekundu anapita Mei, kwamba ni dalili ya majira mapya. Rangi hiyo inatengenezwa hapa, kwa minyoo ya tope la Ukambani.

Na hina ndiyo sehemu inayoonekana tu. Ndani ya mwili mambo ni makubwa zaidi. Wiki hizi za mwisho kitwitwi anakula mchana na usiku, kila maji yanapokupwa, na mafuta yanajilundika chini ya ngozi na kuzunguka tumbo mpaka yule wa gramu 55 anaweza kufika 80 na kuzidi. Misuli ya kifua, inayopiga mbawa, inanenepa. Kisha, siku za mwisho, mwili hufanya jambo ambalo kila nikilifikiria hunishangaza: unapunguza viungo visivyohitajika angani. Firigisi na utumbo husinyaa, kwa kuwa safarini hakuna chakula cha kusaga, na kila gramu isiyofanya kazi ni mzigo. Atakapotua, viungo hivyo vitakua tena. Jamaa yake mmoja, sululu-maji mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kwenda juu, alifungwa kifaa cha setilaiti huko Alaska, na mwaka 2022 akaruka mpaka Tasmania, kilomita 13,560, siku 11 bila kutua. Alikuwa kinda wa mwaka huohuo.

Nimetaja sululu. Jina hilo lina maana mbili katika Kiswahili, na zote mbili zilikuwa mbele yetu asubuhi ile. Sululu ni chombo cha kuchimbia chenye chuma kilichopinda, na sululu ni ndege mwenye mdomo wa umbo hilohilo, mrefu, umekunjwa kama mundu. Maji yalipoanza kushuka, wawili wao ndio walioshuka kwanza kutoka kwenye fungu. Walitembea kwa hadhi mpaka ukingoni, mmoja akauingiza mdomo wote topeni mpaka machoni, akauzungusha, akatoa kaa.

Hapo ndipo niliporudi kwenye neno ambalo limenisumbua kwa miaka. Ndege hawa tunawaita wageni. Vibao vya hifadhi vinaandika hivyo, walimu tunafundisha hivyo, na hata kijana wangu alipoanza kazi aliwaambia watu kwamba "wageni kutoka Ulaya" hufika Agosti. Tuna methali inayosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sawa. Hawa wamekaa kuanzia Agosti hadi mwisho wa Aprili, miezi minane na zaidi, na sululu wao wamekuja nao. Huko Siberia wanakaa muda gani? Wanafika mapema Juni, theluji inapoanza kuachia. Dume anapandana, na mapema Julai amekwisha kuondoka; hana hata miezi miwili huko. Jike anabaki peke yake kulalia mayai manne na kulinda makinda, naye anawaacha kabla hawajawa imara kabisa katika kuruka. Yote yakihesabiwa, Siberia inawapata kwa wiki chache. Sisi tunawapata kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Mila zetu zinamjua mwanamke anayerudi kwao kujifungua mimba ya kwanza. Anakaa kwa mama yake, anafungwa tumbo, anatimiza arobaini yake, kisha anarejea nyumbani na mtoto mgongoni. Hakuna jirani atakayesema kwamba nyumba ya mwanamke huyo ni pale alipojifungulia. Lakini tumekubali kusema hivyo juu ya vitwitwi kwa sababu walioandika vitabu vya kwanza vya ndege waliishi upande ule wa dunia, wakaona viota kuwa ndiyo kwao.

Na hata viota hivyo walichelewa kuviona. Kitwitwi wa hina alijulikana na wanasayansi wa Ulaya tangu karne ya kumi na nane, akipita kwenye fukwe zao masika na vuli, na kwa zaidi ya miaka mia moja hakuna aliyeweza kusema anataga wapi. Mayai yake yalipatikana mwaka 1897 tu, na Mwingereza Hugh Leyborne Popham, kwenye mlango wa Mto Yenisei. Nimeipenda habari hiyo tangu siku niliyoisoma, kwa sababu ya neno moja: mlango. Kutoka mlango wa mto mpaka mlango wa mto.

Kufikia saa moja na nusu fungu lilikuwa limeanza kupungua watu. Tope lilijitokeza kwanza kama mgongo wa papa, kisha kama uwanja, na vitwitwi wakamwagika juu yake. Mtu akitazama bila kujua ataona vurugu. Akikaa nusu saa ataona kazi iliyogawanywa kwa urefu wa midomo. Wale wenye mdomo mfupi na macho makubwa wanawinda kwa kuona: wanakimbia hatua tano, wanasimama ghafla, wanadonoa juu juu, wanakimbia tena. Wenye mdomo wa wastani wanatembea wakishona tope kama cherehani, tak-tak-tak, na wao hawahitaji kuona, kwa maana ncha ya mdomo ina mishipa ya fahamu inayohisi kitu kikitikisika chini ya tope. Sululu anafika kwenye shimo la kaa ambalo wengine wote hawalifikii. Mmoja ana mdomo uliopinda kwenda juu; huyo anakimbia ameinama kama mtoto anayekimbiza kuku, akikamata vikaa vyenye gando moja kubwa, akivisuuza majini kabla ya kuvimeza. Kwa hiyo tope moja linalisha aina kumi na tano, na sikuona hata mara moja mmoja akimnyang'anya mwenziwe wa aina nyingine tonge lake.

Nilijaribu kuwahesabu wale wekundu. Nilifika mia saba, kipanga mmoja akapita chini chini kutoka upande wa minyaa, na tope zima likainuka. Waliporuka walikuwa kitu kimoja. Waligeuka wakawa weupe, wakageuka wakawa wekundu, wakageuka tena wakapotea machoni kana kwamba hewa imewameza, kisha wakatokea juu ya bahari. Kipanga hakupata kitu. Dakika mbili baadaye wote walikuwa wametua na wanakula, na hesabu yangu imekwisha. Sikuianza tena.

Kuhesabu ni kazi yenye maana, hata hivyo. Kila Januari, wataalamu wa Makavazi ya Taifa na wapenda ndege wa kujitolea huhesabu ndege wa maji katika maziwa na fukwe za Kenya, na kule Mida, karibu na Watamu, watu wa shirika la A Rocha huwategea nyavu usiku, wakawapima, wakawavisha pete nyembamba mguuni na kuwaachilia. Katika kazi za namna hiyo, huku na kwingineko, kuna jambo moja lililojitokeza ambalo ningependa kila mtoto wa pwani alijue. Kuna miaka ambapo kundi la kitwitwi wa hina linarudi na vijana wengi, na kuna miaka ambapo vijana ni kama hawapo. Sababu ni panya. Kwenye nyika za Siberia kuna panya mnene wa baridi aitwaye lemingi, ambaye kila baada ya miaka mitatu au minne huzaana mpaka nchi ikajaa. Mwaka huo mbweha weupe wanakula lemingi mpaka wanashiba, na mayai ya ndege yanasalimika. Mwaka unaofuata lemingi wamekwisha, mbweha wamezaana na wana njaa, na kila kiota kinachoonekana kinaliwa. Miezi mitatu baadaye, mtu aliyekaa juu ya kilima cha mchanga Sabaki anaweza kutazama manyoya ya ndege na kusema mwaka huu lemingi walikuwa wengi au wachache, bila kuwahi kumwona lemingi hata mmoja.

Karibu saa mbili na nusu mzee mmoja aliteremka kutoka upande wa Mambrui, kimia begani, akaanza kutupa kwenye mkondo mwembamba uliobaki. Alipata mkizi wawili, akaja kukaa karibu nasi apumzike.

"Mnawatazama hao?" aliuliza.

"Tunawatazama, mzee. Wanaondoka lini?"

"Wewe mwanangu umekuja mwisho mwisho. Wakishakuwa vile," akaonyesha wekundu kwa kidevu, "ukiona upepo umegeuka, ni siku. Jioni. Maji yakijaa jioni, wanapanda. Asubuhi ukija, hakuna mtu."

Kijana alitikisa kichwa kukubali, nami baadaye nililinganisha maneno ya mzee na yale niliyosoma. Yanakubaliana. Vitwitwi wengi wanaohama huanza safari alasiri na magharibi, na siku za bamvua ndizo siku ambazo hapa kwetu maji hujaa tena yapata saa kumi jioni. Ndege ameshinda kutwa nzima akila juu ya tope kubwa kuliko siku nyingine zote, kisha maji yanamwondoa mezani akiwa ameshiba, jua linashuka, na nyota zinazomwongoza zinakaribia kutoka. Wanainuka vikundi vikundi wakiitana, wanazunguka mara mbili, tatu, wanajipanga mstari, wanapanda juu sana na kuelekea kaskazini.

Na upepo wa mzee ni kusi. Aprili ni wakati wa tanga mbili: kaskazi imechoka, kusi bado haijashika, na kwa siku kadhaa nahodha anaweza kusafiri upande wowote. Karne nyingi pwani hii iliishi kwa mabadiliko hayo. Majahazi ya Oman na ya Ghuba yalishuka na kaskazi kuanzia Desemba, yamebeba tende na samaki wa chumvi, yakakaa Lamu, Malindi, Mombasa na Unguja, mabaharia wakaoa na kuzaa, kisha kusi ilipoanza kupuliza wakapakia boriti wakapanda nayo kurudi kabla bahari haijachafuka. Vasco da Gama alifika Malindi katikati ya Aprili 1498, akapewa rubani, na tarehe 24 mwezi huohuo akang'oa nanga. Tarehe 20 Mei alikuwa mbele ya Calicut. Historia imemkumbuka yeye. Sidhani kama kuna mtu katika merikebu zile aliyeinua macho, lakini juma lile, juu ya milingoti yake, vitwitwi walikuwa wanapanda na upepo uleule aliokuwa anaungojea.

Yuko ndege mmoja anayefuata njia ya majahazi hasa, karibu bandari kwa bandari. Sabaki huonekana mara chache. Ukimtaka nenda Mida. Ni mweupe na mweusi, mwenye miguu mirefu ya kijivu na mdomo mnene kama koleo la fundi, na chakula chake ni kaa. Mimi humwita mla-kaa. Hana ndugu duniani. Katika ukoo wake wa kisayansi yumo peke yake. Wakati vitwitwi wanaenda Siberia, yeye anaishia kwenye visiwa vya mchanga vya Ghuba na vya pwani ya Oman, kwenye joto ambalo ndege wengine wanalikimbia. Anachimba shimo refu mchangani, anataga yai moja tu, jeupe, na joto la mchanga linamsaidia kulilalia. Kisha, tofauti na kitwitwi, hamwachi mtoto. Wanashuka pamoja kuja kwetu, na mwezi wa Oktoba pale Mida utawaona watoto wakubwa kama wazazi wao bado wanapiga filimbi wakiomba kulishwa, na mzazi anawapa.

Mzee alitaka kujua tunawaandika kwa ajili gani. Nilimwambia wanapungua. Hakushangaa. Alisema zamani fungu lilikuwa linakuwa jeupe mpaka kule, akaonyesha mahali ambapo sasa palikuwa mchanga mtupu.

Oktoba 2024 shirika la IUCN lilitangaza kwamba aina 16 za ndege wa pwani wanaohama zimesogezwa kwenye daraja la hatari kubwa zaidi. Kitwitwi wa hina yumo. Yule mwenye tumbo jeusi kama makaa yumo pia. Sababu zimetawanyika njia nzima: huko kaskazini theluji inayeyuka mapema na wadudu wanaibuka kabla makinda hawajaanguliwa, njiani matope yanajazwa vifusi yapate kuwa bandari na majengo, na mahali pengine wanategwa kwa nyavu. Mtu anaweza kusema basi Malindi hatuna la kufanya. Mimi sikubali hata kidogo. Kama hapa ndipo wanapokaa miezi minane, hapa ndipo wanapotengeneza mafuta, hina na misuli, basi sehemu kubwa ya uhai wao iko mikononi mwetu. Udongo unaopotea kutoka mashamba ya juu ni hasara ya mkulima, na ukizidi mlangoni unafunika matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyoanzishwa 1968. Lakini udongo ukikoma kabisa, tope litaliwa na mawimbi. Kwenye makutano ya Thwake na Athi linajengwa bwawa kubwa, nao watu wa Makueni na Kitui wanayahitaji maji hayo, nawaombea wayapate. Ninachotaka ni kwamba siku mafundi wanapopanga maji ya kuachilia, awepo mtu mezani anayeujua mlango wa Sabaki na atakayesema kuna tope huku chini, nalo lina wenyewe.

Saa tatu na nusu jua lilikuwa limekuwa kali na mvuke ulianza kuyatikisa mambo ndani ya darubini. Kijana alinionyesha kikundi cha vitwitwi waliojitenga karibu na mikoko michanga ya mchu. Walikuwa wa kijivu, hawana hata doa la hina. Nilidhani wamechelewa. "Hao hawaendi," akasema. "Hao ni vijana." Alisema kweli. Walioanguliwa Julai iliyopita hawarudi kaskazini mwaka wao wa kwanza. Wanabaki masika yote, kipupwe chote, wanawaona wakubwa wanaondoka na wanawaona wanarudi, na ni mwaka unaofuata tu ndipo nao hujipaka rangi. Hawa walitoka Siberia peke yao, wazazi wamekwisha tangulia, wakiwa na umri wa wiki chache, bila mtu wa kuwaonyesha njia. Walifika. Maisha yao yote, ukiondoa utoto ule mfupi na safari yenyewe, yamekuwa tope hili. Nikaangalia jinsi wanavyokula, taratibu, bila pupa ya wale wengine, kama watoto wa nyumbani siku ambayo wakubwa wanafunga mizigo.

Tulikuwa tumeanza kukunja vitu tuondoke wakati mzee alipopiga mluzi mfupi na kuonyesha kusini, upande wa Malindi. Ndege kama ishirini walikuwa wanakuja juu ya mawimbi, rangi ya kahawia iliyoiva, mbawa nyembamba na ndefu kama za mbayuwayu. Hawakuwa vitwitwi. Walipita juu ya fungu, wakageuka wote kwa pamoja, na kifua chao kikang'aa rangi ya mdalasini. Walikuwa wanatoka Bukini, yaani Madagaska. Huko ndiko wanakozaa, kwenye miamba ya mito, kuanzia Oktoba, na baridi ya kusini inapokaribia wanavuka mlango wa bahari kuja kukaa kwetu mpaka Septemba. Mlangoni hapa hukusanyika kwa maelfu. Hawa walikuwa wa kwanza niliowaona mwaka huo.

Walitafuta mahali pa kutua. Fungu lilikuwa bado na vitwitwi waliojaa hina, wanaokula kwa haraka, siku zao zimebaki chache. Wale wa Bukini wakashuka upande wa juu, penye mchanga mkavu, wakatulia, wakaelekeza vichwa kwenye upepo. Ulikuwa umeanza kutoka kusini.